Nani Ashike Mlango wa Maji

Kamba tunaowapika hotelini hawajawahi kuonja maji ya Diani. Nalijua hili kwa sababu mimi ni karani wa stoo, na kila katoni inayoingia friza hupita mikononi mwangu kabla ya kumfikia shefu. Ubavuni pameandikwa kwa herufi ndogo: vannamei, wa kufugwa, kisha jina la nchi. Mwezi huu India, mwezi ule Vietnam. Vannamei asili yake ni Bahari ya Pasifiki, pwani ya Meksiko mpaka Peru. Wamempeleka Asia wakamfuga, wakamgandisha, wakampakia melini, akashushwa Kilindini. Mwisho wa safari anapangwa juu ya barafu kwenye meza ya bufee, hatua chache kutoka ufukweni, kando ya kibao kinachowakaribisha wageni kwa vyakula vya Bahari ya Hindi. Wageni wanapiga picha. Na kama katoni imetoka India, basi kibao hakijasema uongo mtupu.

(Jamaa mmoja wa bara, mgeni kazini, aliwahi kuniuliza kama ni kweli huku pwani tunapika kamba. Alidhani ni zile za kufungia mbuzi. Nilimwambia inategemea shefu wa siku hiyo ni nani.)

Nimemuuliza shefu mara nyingi kwa nini hatuchukui kamba wa kwetu. Jibu lake halibadiliki. Msimu ukichanganya anataka kilo 40 kwa wiki, saizi moja, wasio na mchanga, na wiki ijayo vilevile. Kamba wa kwetu huja wakitaka. Mvua ikinyesha, mito ikashusha maji matamu baharini, Ramisi kule, Umba upande wa Vanga, Mkurumudzi hapa karibu, basi kina mama wakitanda wanarudi na ndoo zimejaa. Wiki mbili baadaye huoni hata wa dawa. Mchuuzi wa Ukunda atakuletea kilo sita, nusu kamba wakubwa wa mistari ambao wauzaji huwaita tiger, nusu wale weupe wadogo, na katikati amechomeka uduvi wa kujazia mzani. Shefu hana muda huo. Mimi pia, nikisema ukweli, nikiwa na wageni mia tatu wa Krismasi sina muda huo.

Kwa hiyo binamu yangu aliponipigia simu mwaka juzi, wakati wa kaskazi, kuniambia kwamba nyumbani kumekuja watu wa kufuga kamba, furaha yangu ilitangulia maswali.

"Dada, wataka lile jangwa lote," aliniambia. "Ekari thalathini. Waleta mashine, wavuta stima, waandika vijana kazi."

Nyumbani ni kusini mwa Msambweni, ukielekea Bodo, ng'ambo ya maji unaiona Funzi. Jangwa tunaloliita sisi si lile la ngamia. Ni uwanda wa mchanga na chumvi ulio nyuma ya mikoko, ambao bahari huufikia siku za bamvua tu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku nyingine zote ni peupe, panang'aa, hapamei kitu isipokuwa majani mekundu ya chumvi pembezoni. Watoto huchezea mpira pale. Kwa macho ya mtu wa mbali, hiyo ni ardhi isiyo na kazi.

Makaratasi yalikuwa ya Kiingereza, na mimi ndiye niliyeonekana nayajua mambo ya kamba. "Njoo utusomee," ami yangu alisema. Nikaomba siku tatu za likizo, nikapanda matatu Ukunda.

Mkataba ulikuwa wa miaka 15. Ulitaja vidimbwi vyenye mitambo ya kupiga maji usiku na mchana, kamba zaidi ya mia kwa kila mita mraba, na mfereji wa kuvutia maji ya bahari ambao ungepita katikati ya mikoko, kwanza kwenye mchu, kisha mkandaa, kisha mikoko yenyewe iliyo mbele, upana wake kama barabara ya lami. Maji yakishatumika yangerudi kwa mfereji uleule. Ajira zilizoandikwa zilikuwa 25. Binamu yangu alishaahidiwa moja, ya askari wa usiku. Ana miaka 27, stashahada yake imekwama kwa sababu ya karo, na bodaboda anayoendesha si yake. Naomba msomaji amkumbuke huyu kijana katika yote nitakayosema, maana mimi nina mshahara.

Mtu yeyote aliyekulia huku anajua kamba na mikoko ni jamaa. Kamba mzazi hutaga baharini, mayai laki kadhaa kwa mara moja. Vijana wake huelea na mikondo, wakibadilika umbo mara baada ya mara, na baada ya wiki chache walio hai huingia na maji kujaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Hapo ndipo hulelewa, wakila matope na vijidudu, wakijificha samaki. Wakikomaa hurudi baharini. Kwa hiyo anayekata mikoko ili afuge kamba ni sawa na anayebomoa wodi ya wazazi ili ajenge shule ya chekechea.

Na bado ndivyo ulimwengu ulivyofanya. Thailand, Ufilipino, Ekwado, miaka ya 1970 mpaka ya 1990, mikoko ilifyekwa kwa maelfu ya hekta kuchimba vidimbwi. Hata kibiashara ilikuwa hesabu mbovu, na sababu yake iko kwenye udongo. Ule udongo mweusi wa mikokoni, unaonuka kama yai viza, una chuma na salfa zilizolala pamoja. Zikibaki chini ya maji hazina neno. Ukizichimbua zikapigwa na hewa na jua huzaa asidi ya salfuriki, ileile ya betri ya gari. Maji ya kidimbwi yanageuka rangi ya kutu, kamba anashindwa kutengeneza gamba jipya baada ya kujivua la zamani, na mfugaji anabaki kumwaga chokaa mwaka hata mwaka. Sisi watu wa Kwale tuna sababu ya kucheka kwa uchungu hapo: mikoko ya Gazi ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwandani, na baadhi ya kuni hizo zilichomea chokaa.

Kisha kuna maradhi. Ukiwasonga kamba mia kwenye mita moja ya maji, akiugua mmoja wameugua wote. Virusi vya madoa meupe vilitoka Asia Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990, vikafika Ekwado mwaka 1999, na huku kwetu vikaingia mashamba ya Msumbiji mwaka 2011 na Madagaska mwaka uliofuata. Havimdhuru mla kamba. Humaliza shamba zima kwa siku chache tu, na maji ya shamba hilo yakifunguliwa kwenda baharini, hakuna karantini tena.

Historia ya karibu nasi ninayo ya aina mbili. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, miaka ya 1980 serikali ya Kenya pamoja na FAO na UNDP walikuwa na shamba la mfano la kamba. Mikoko ilipisha vidimbwi. Fedha za wafadhili zilipokauka shamba halikuweza kujilisha, likaachwa. Ya pili ni Rufiji. Mwaka 1997 serikali ya Tanzania iliipitisha kampuni moja, African Fishing Company, kufuga kamba katika delta kwenye eneo kubwa, ingawa baraza lake lenyewe la mazingira, NEMC, lilishauri lisipitishwe. Wanakijiji wa delta walikataa. Walikwenda mahakamani wakisaidiwa na mawakili wa mazingira wa LEAT. Shamba lile halikujengwa. Nimewahi kumwona mzee wa Rufiji mara moja tu, harusini Vanga, na jambo la kwanza aliloniambia aliposikia nanunua kamba hotelini lilikuwa: "Sisi tuliwakatalia."

Lakini kukataa tu hakumlipii binamu yangu karo. Na hapo kijijini kwetu palikuwa tayari na watu wanafuga kamba, kimyakimya, mwaka wa tatu ule. Mmoja wao ni shangazi yangu.

Kikundi chao kina watu 22, wanawake 17. Vidimbwi ni viwili, kila kimoja nusu ekari, vimechimbwa kwa majembe na karai ukingoni mwa jangwa lilelile, juu kidogo ya mstari wa mchu. Hawakukata hata mti mmoja, na sababu ya kwanza haikuwa mapenzi ya mazingira. Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, na shangazi alisema hana nguvu za kukimbizana na askari wa misitu kwa umri wake. Sababu ya pili waliijua baadaye: udongo wa jangwa una mchanga na hauna ule uchachu wa mikokoni.

Kidimbwi chao nitakieleza kidogo, kwa sababu watu wakisikia ufugaji rafiki kwa mazingira hudhani ni mtambo fulani kutoka ng'ambo. Ni shimo lenye kina cha mita moja hivi, tuta la udongo pande zote, na mlango wa maji. Mlango ndio kila kitu. Ni fremu ya zege yenye mifereji miwili ubavuni; kwenye mfereji wa kwanza huteremshwa mbao moja juu ya nyingine, kwenye wa pili huingia wavu wa matundu madogo. Siku za bamvua maji yanapopanda, mbao za juu hutolewa, maji mapya huingia yakichujwa na wavu, chewa mdogo na kaa wakibaki nje. Yakianza kupwa, hutolewa mbao za chini ili maji machafu ya sakafuni ndiyo yatoke. Hakuna pampu. Mwezi ndio pampu. Siku za maji mafu mlango hufungwa na watu hungoja. Bamvua ikija usiku wa manane, mtu huamka usiku wa manane.

Maji yanayotoka hayaendi moja kwa moja baharini. Kwanza hutulia kwenye handaki pana, tope likazama, halafu huingia taratibu kwenye mikoko, na mizizi ikachukua mbolea iliyobaki. Mchu wa upande ule umenona kuliko wa upande mwingine. Hata mbuzi wameligundua hilo.

Kamba wao ni wale weupe, wawili au watatu kwa mita mraba, wakichanganywa na mwatiko. Ukiwaweka wachache hivyo, kidimbwi chenyewe huwalisha. Kabla ya kuwatia, sakafu huanikwa mpaka ipasuke, hunyunyizwa samadi ya kuku, kisha maji ya kina kidogo huingizwa na baada ya siku kadhaa hutanda utelezi wa kijani na vijidudu ambao kamba huukwangua na mwatiko huula. Mwezi wa tatu huongezewa pumba na mashudu ya nazi. Kamba wa kiwandani hula kilo moja na nusu hivi ya chakula cha vidonge ili aongeze kilo moja ya mwili, na vidonge hivyo aghalabu vimetiwa unga wa samaki, samaki wadogo ambao mtu angeweza kuwala mwenyewe. Dagaa wa maskini kumnenepesha kamba wa tajiri. Siku hizi wapo Kenya wanaofuga funza wa nzi weusi kwa taka za jikoni, wakawakausha kuwa chakula cha samaki na kuku, na nadhani njia hiyo ina siku zijazo kuliko dagaa. Taka za jikoni kwetu hotelini ni ndoo kumi kwa siku, nimeshaanza kuliwaza hilo.

Tatizo lao kubwa ni mbegu. Mwanzo walikuwa wakikinga vijana wa kamba mlangoni mwa mkono wa bahari kwa vyandarua, na kila waliposhika kamba mia walishika pia vijisamaki visivyo na hesabu, vikafia mchangani. Wenyewe waliliona na halikuwapendeza. Na kuvua kwa chandarua ni haramu kisheria. Sasa huacha maji ya bamvua yalete yenyewe yanayoletwa, wakaongezea mbegu ya kutotolewa wanapoipata. Tegemeo ni Shimoni, ambako KMFRI wana kituo cha ufugaji wa viumbe vya bahari, kazi yake mojawapo ni mbegu. Nayo mbegu ya kutotolewa ina siri yake. Kamba jike aliyefungiwa kwenye tangi hugoma kukomaza mayai, na njia ya mkato iliyoenea duniani ni kumkata kikonyo cha jicho moja, mahali inapotoka homoni inayozuia uzazi. Viwango vya kilimo-hai vya Ulaya vinaikataza. Shangazi nilipomsomea habari hiyo alinyamaza muda, akasema, "Kumbe hata yeye."

Nilimwonyesha pia habari za wengine wanaofuga kwa mwendo huu, maana alikuwa akidhani wao peke yao ndio wajinga. Cà Mau, kusini kabisa ya Vietnam, wapo wakulima wanaofuga kamba ndani ya msitu wa mikoko, na wanaotaka cheti cha kilimo-hai cha Naturland lazima nusu ya shamba ibaki mikoko. Na Kerala, pwani ya India ambayo majahazi yake yalikuja hapa enzi na enzi, kuna mashamba ya Pokkali: mvua za kusi zikishusha maji matamu wanalima mpunga unaovumilia chumvi, wakishavuna, kuanzia Novemba mpaka Aprili, wanafungulia maji ya bahari na kufuga kamba juu ya mabua yale yale. Mabua huwa chakula cha kamba, kinyesi cha kamba huwa mbolea ya mpunga. Hapo shangazi alichangamka. "Hawa ni watu wa Vanga," akasema, kwa sababu ya mpunga.

Sasa mavuno. Mara ya kwanza kilo 61. Mara ya pili kilo 84. Mara ya tatu tuta lilitobolewa na kaa usiku, wakapata 19 na mwatiko. Mnandi hula wake, yangeyange hula wake. Shamba la namna hii hutoa chini ya nusu tani kwa hekta kwa mwaka. La mitambo linaweza kupita tani kumi. Gawanya kilo 84 kwa watu 22, ondoa mbao na wavu, utaelewa kwa nini binamu yangu anauita mradi wa wazee.

Kwa hiyo, usiku wa pili, nikiwa na makaratasi mapajani na taa ya simu, hili ndilo lililonijia: njia ya kufuga kamba bila kuiua bahari haijafichika, vikundi vya wanawake wasiokwenda chuo wanaijua. Inayogomba nayo ni haraka. Na haraka ni ya mtu ambaye maji yakichafuka atahama, wakati mwenye mlango wa kidimbwi cha shangazi analala mita mia mbili kutoka mlangoni, na mwanawe anaogelea pale.

Baraza lilikaa Jumamosi baada ya alasiri, ukumbini mwa madrasa. Wakala wa kampuni alikuja na maji ya chupa ya kugawa, kijana mpole, mwenye adabu, akaamkia wazee wote mmoja mmoja. Alieleza vizuri. Akataja teknolojia ya kisasa, akataja soko la nje. Vijana walipiga makofi na mimi sikuwalaumu.

Shangazi aliomba nafasi. "Mwanangu, maji yakitoka kwenye hivyo vidimbwi vyenu, yaenda wapi?"

"Yanarudi baharini, mama."

"Baharini kwa nani?"

Watu walicheka. Wakala pia alicheka kidogo. Lakini hakuwa na jibu, kwa sababu mkataba haukuwa nalo. Nilikuwa nimeusoma mara tatu.

Ndipo ami akanipa nafasi, nikasimama na hesabu yangu. Mwaka 1995 watafiti wawili, Robertson na Phillips, walipiga hesabu ya mikoko inayohitajika kusafisha mbolea inayotoka kwenye kidimbwi cha kamba. Kwa hekta moja ya kidimbwi walipata kuanzia hekta 2 hadi 22 za mikoko, kutegemea umewasonga kamba kiasi gani. Ekari 30 ni hekta 12. Zidisha kwa 22, kwa sababu hawa wanataka zaidi ya mia kwa mita: hekta 264. Nikawakumbusha Gazi na Makongeni, jirani zetu, ambao tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa kwa mradi wa Mikoko Pamoja, wamepata maji ya bomba na vitabu vya shule, wakapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Msitu wao wa mradi ni hekta 117. Yaani shamba hili moja lingehitaji zaidi ya misitu miwili kama ule kulisafisha, na lilikuwa limepanga kuukata wetu ili lipitishe mfereji.

Ukumbi ulinyamaza. Mzee mmoja akauliza hekta ni viwanja vingapi vya mpira. Nikamwambia kimoja na ushei. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

Hatukusema hapana. Napenda ieleweke hivyo, kwa sababu baadaye ilisemwa mitaani kwamba wanawake na karani wa Diani waliwafukuza wawekezaji. Baraza liliandika masharti matatu. Mfereji usipite kwenye mikoko, upitie mkono wa bahari ulio wazi hata kama ni mbali. Kamba wapunguzwe, na maji yatulizwe kwenye handaki kabla ya kutoka. Na la tatu, alilolisisitiza shangazi: mlango wa kutolea maji uwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja wa kampuni, mmoja wa kijiji. Wakala aliyaandika yote kwenye daftari, akasema atayapeleka kwa wakubwa. Chupa zake za maji zilibaki pale ukumbini. Alipopigiwa simu wiki mbili baadaye alisema wakubwa bado wanatafakari, na baada ya hapo simu ikawa haipatikani.

Binamu yangu hakunitukana. Angenitukana ningejua la kufanya. Alinirudisha Msambweni kwa boda jioni ile, njia nzima hakusema neno, na pale stendi nilipomtolea nauli aliipokea, akahesabu, akaitia mfukoni. Miaka yote hajawahi kunitoza.

"Dada," akasema, "hizo hekta zako umezihesabu vizuri. Sasa nihesabie na mimi."

Sina jibu lililokamilika mpaka leo. Nilichofanya ni kidogo. Nilikaa na shefu, nikamwonyesha kwamba kamba wa kikundi wakivunwa asubuhi na kufika saa sita mchana wakiwa kwenye barafu, hawana haja ya kuwa kilo 40 kila wiki. Wanaweza kuwa sahani ya siku mbili kwa mwezi, bamvua kwa bamvua, kwa bei ya juu kuliko ya katoni, na mgeni akaambiwa kwa nini hawapo kesho. Alinung'unika, akakubali kujaribu. Mgeni wa kwanza aliyekosa aliandika malalamiko. Wa pili aliuliza watarudi lini.

Kwa bei hiyo kikundi kimeanza kuchimba kidimbwi cha tatu. Wamejifunza pia kwamba hatari kubwa ni saa ya kabla ya alfajiri, hewa inapopungua majini na kamba kupanda juu wakitafuta pumzi, na usiku wa bamvua pana mlango wa kufungua na tuta la kukagua matundu ya kaa. Kina mama wamechoka kuamka. Wametangaza zamu ya usiku ya kulipwa, shilingi mia tano kwa usiku, usiku nane kwa mwezi. Si mshahara, si hata robo ya ule alioahidiwa. Binamu yangu ameichukua. Shangazi amempa tochi, koti la mvua na ufunguo wa mlango, na ananiambia anakagua vizuri, matuta yote, mpaka kunapambazuka. Salamu zangu bado hajazijibu.